Kombe mkononi, sare kitabuni: matuta yanavyohesabiwa katika hoki ya vyuo Marekani

Usiku wa tarehe 13 Februari 2023, ndani ya ukumbi wa TD Garden mjini Boston, wachezaji wa Chuo Kikuu cha Northeastern walikuwa wakizunguka barafuni na viatu vyao vya kuteleza, kombe likipita mkono hadi mkono. Walikuwa wametoka kuwafunga Harvard katika fainali ya Beanpot, mashindano ya kila mwaka ya vyuo vinne vya eneo la Boston. Jina lenyewe maana yake ni chungu cha kupikia maharage, chakula ambacho mji ule umetaniwa nacho miaka nenda rudi. Mabao yalikuwa 2-2, dakika za nyongeza hazikutoa mshindi, wakapigiana matuta, Northeastern wakashinda. Ilikuwa mara ya kwanza fainali hiyo kuamuliwa kwa njia hiyo tangu mashindano yaanze mwaka 1952.

Magazeti ya kesho yake yaliandika 3-2. Lakini rekodi rasmi za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinasema usiku ule Harvard na Northeastern walitoka sare. Harvard hawakufungwa. Northeastern hawakushinda. Kombe liko kabatini, ushindi haupo kitabuni.

Msomaji wa kandanda hatashangaa sana. Agosti 2023, Simba na Yanga walikutana Mkwakwani, Tanga, kugombea Ngao ya Jamii. Dakika zikaisha 0-0, matuta yakaenda kwa Simba 3-1. Mpaka leo ukitaka ubishi kijiweni, uliza tu kama siku ile Simba alimfunga Yanga. Mmoja atasema ngao ilikwenda wapi, mwingine atasema nionyeshe bao. Wote wawili wana hoja, kwa sababu kila mmoja anasoma kitabu chake.

Hoki ya vyuo Marekani imeuchukua ubishi huo ikauandikia kanuni, na kanuni zenyewe zinafungua vitabu vitatu: cha msimamo wa ligi, cha rekodi ya timu, na cha orodha ya kitaifa inayoamua nani aende kugombea ubingwa wa nchi. Matuta yana thamani katika kimoja tu kati ya hivyo. Ukilishika hilo, mengine yote yanafunguka, ingawa kuna kona mbili tatu zinazowapoteza hata mashabiki wa miaka mingi.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ambaye hajawahi kuutazama. Timu ina wachezaji watano na kipa. Wanacheza vipindi vitatu vya dakika 20, wakigombea kisahani cha mpira mgumu badala ya mpira wa duara. Dakika 60 zikiisha bila mshindi, zinaongezwa dakika 5, na hapo kila upande unapunguza watu: wanabaki watatu na kipa. Uwanja ni uleule na watu wamepungua, kwa hiyo nafasi zinafunguka kila mahali na kosa moja ni shambulizi. Bao la kwanza linamaliza mechi. Dakika 5 zikipita kavu, mechi kama ni ya ligi inaingia kwenye matuta.

Matuta ya hoki si yale ya kuweka mpira kwenye nukta na kupiga. Kisahani kinawekwa katikati ya uwanja, mpigaji anakichukua na kwenda nacho mbio hadi kwa kipa, anamzungusha apendavyo, anapiga. Kipa akiokoa, hakuna kumalizia kisahani kilichorudi. Wanapiga watatu kila upande, wakilingana wanaendelea mmoja mmoja mpaka mmoja akosee na mwenzake afunge.

Mechi ya ligi ina pointi tatu mezani. Ukishinda ndani ya dakika 60, unabeba zote tatu na mpinzani anaondoka mikono mitupu. Ukishinda ndani ya dakika za nyongeza, unapata mbili na aliyefungwa anapata moja. Ikifika kwenye matuta, hesabu inabaki mbili kwa moja. Kitaalamu, matuta yanaandikwa hivi: timu zote mbili zimetoka sare, kila moja inapewa pointi yake moja ya sare, kisha pointi ya tatu iliyobaki mezani inapewa aliyeshinda matuta. Kwa hiyo mshindi wa matuta halipwi kwa kushinda mechi. Analipwa nyongeza juu ya sare. Katika jedwali hilo la ligi tofauti hiyo haionekani, mbili ni mbili. Inakuja kuonekana kwenye vitabu vingine.

Mfumo huu una uzuri mmoja ambao ligi ya kulipwa ya NHL hadi leo imeukosa. NHL ilianza matuta msimu wa 2005-06, na kule mshindi hupata pointi 2 kwa njia yoyote ile, wakati anayefungwa baada ya dakika 60 hupata 1. Maana yake ni kwamba mechi inayoisha mapema ina pointi mbili, na inayochelewa ina pointi tatu. Pointi ya ziada inatoka hewani! Timu mbili zilizolingana zikibaki na dakika chache kwenye saa hazina haraka ya kushambuliana, kwani zikivumilia kidogo keki inakua. Vyuoni keki haikui. Ni vipande vitatu tangu filimbi ya kwanza, na kinachobadilika ni namna ya kuvigawa. Shirikisho la kimataifa, IIHF, linagawa vivyo hivyo 3-2-1-0, na Kenya, iliyoingia uanachama wa shirikisho hilo mwaka 2024 baada ya miaka ya timu ya Ice Lions kujifunza kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha Nairobi, imeingia kwenye hesabu hiyohiyo.

Lakini haikuwa hivi siku zote, na historia yake inaeleza kwa nini vitabu havikubaliani. Kwa miaka mingi vyuo vilikuwa na muda mfupi wa nyongeza, dakika 5, watano kwa watano, na ikishindikana mnapeana mikono mnaenda nyumbani. Sare ilikuwa sare. Msimu wa 2008-09 ligi ya CCHA, ya vyuo vya eneo la Maziwa Makuu ya kule, ikawa ya kwanza kuingiza matuta. Mwaka 2013 CCHA ikavunjika, kwa sababu vyuo vikubwa kama Michigan, Michigan State na Ohio State vilihamia Big Ten iliyokuwa inaanzisha hoki, na vingine vikaenda kwenye ligi mpya ya NCHC. Big Ten na NCHC zote mbili zikaanza maisha yao na hesabu ya pointi tatu na matuta ndani yake. Ligi za mashariki, Hockey East na ECAC, zenyewe zilishikilia sare zake za kizamani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2020. CCHA nayo ilifufuliwa mwaka 2021, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi nchi moja ilikuwa na ligi zinazopiga matuta na ligi zisizopiga, na wote wanagombea nafasi zilezile za ubingwa wa taifa. Kama ushindi wa matuta ungehesabiwa ushindi kamili, timu ya Michigan ingekuwa na mechi ya kushinda au kushindwa pale ambapo timu ya Boston ingekuwa na sare tu. Huwezi kupima vitambaa viwili kwa futi mbili tofauti. NCAA ikakata shauri kwamba kila ligi ifanye itakavyo kwenye jedwali lake, ila kwa taifa matuta ni sare.

Kipindi kile mambo yalifika hata pa kuchekesha. NCHC ilikuwa inacheza dakika 5 za kawaida za nyongeza, kisha nyingine 5 za watatu kwa watatu, kisha matuta. Taifa lilifunga kitabu baada ya zile dakika 5 za kwanza. Hivyo timu ilikuwa inaweza kufunga bao halisi, la mchezo unaoendelea, wenzao wakawarukia kwa furaha, na bado rekodi ikaandika sare. Ni mwaka 2020 ndipo kanuni zilipounganishwa: muda wa nyongeza ni mmoja kwa wote, watatu kwa watatu, na bao linalofungwa humo linatambuliwa kitaifa. Matuta yakaachwa nje ya mlango, na yako nje mpaka leo.

Sasa tuje kwenye jedwali, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Msimamo wa ligi ya vyuo una safu za kushinda, kushindwa na sare, W, L na T. Pembeni zinafuata OTW na OTL, yaani ushindi na kipigo ndani ya dakika za nyongeza, kisha SW, idadi ya matuta uliyoshinda, na mwisho pointi. Mgeni hujumlisha safu zote akakuta timu imecheza mechi nyingi kuliko msimu wenyewe. Kosa ni kudhani safu za pembeni zinasimama peke yake. OTW imo tayari ndani ya W. OTL imo ndani ya L. Na SW imo ndani ya T. Zile za pembeni zinakwambia tu namna matokeo yalivyopatikana.

Tuseme timu mbili za kubuni, nitaziita Kusi na Kaskazi, zimecheza mechi 24 kila moja. Kusi ameshinda 12, amefungwa 8, sare 4. Katika ushindi wake 3 ni wa dakika za nyongeza, katika vipigo 2 ni vya dakika za nyongeza, na katika sare 4 ameshinda matuta mara 3. Kaskazi ameshinda 13, amefungwa 9, sare 2. Ushindi 5 ni wa dakika za nyongeza, vipigo vyote ni vya dakika 60, na matuta yote mawili amepoteza.

Mtu anayesoma haraka atamweka Kaskazi juu, ameshinda mechi nyingi zaidi. Mtu wa asilimia atasema wako sawa: ukihesabu sare kuwa nusu ya ushindi, Kusi ana 14 kati ya 24, na Kaskazi naye ana 14 kati ya 24. Sasa hesabu pointi. Kusi: ushindi 9 wa dakika 60 ni pointi 27, ushindi 3 wa nyongeza ni 6, vipigo 2 vya nyongeza ni 2, sare 4 ni 4, matuta 3 ni 3. Jumla 42. Kaskazi: 24, na 10, na 2 za sare. Jumla 36. Tofauti ni pointi sita, ambazo kwenye ligi za namna hii zinaweza kuwa tofauti ya kuanza mtoano nyumbani mbele ya watu wako na kupanda basi kwenda kuteleza ugenini.

Geuza matuta peke yake, acha kila kitu kingine kama kilivyo. Mpe Kusi kipigo katika matuta yote manne, mpe Kaskazi yote mawili. Kusi anashuka hadi 39, Kaskazi anapanda hadi 38. Mwanya wa pointi sita umebaki wa pointi moja, na rekodi ya kila timu haijasogea hata nukta: 12-8-4 na 13-9-2, vilevile. Ndiyo maana ukitazama W, L na T peke yake huwezi kujua nani anaongoza ligi. Rekodi haioni matuta. Jedwali linayaona.

Kitabu cha tatu ndicho chenye ncha kali. Mashindano ya kitaifa ya wanaume yanachukua timu 16. Mabingwa wa ligi sita wanaingia moja kwa moja, nafasi kumi zilizobaki zinagawiwa kwa hesabu. Kwa miaka mingi hesabu hiyo iliitwa PairWise, iliyolinganisha timu mbili mbili, na kuanzia msimu wa 2025-26 ikapisha nyingine inayoitwa NPI. Majina yamebadilika, lakini jicho lao juu ya matuta ni lilelile: sare, nusu kwa nusu. Bao la dakika za nyongeza lina uzito wa katikati. Lilianza kwa kugawanywa asilimia 55 kwa mshindi na 45 kwa aliyefungwa, baadaye likasogezwa hadi takriban theluthi mbili kwa theluthi moja.

Ukiweka kitabu hiki kando ya kile cha ligi unapata jambo ambalo kwangu mimi ndilo tamu kuliko yote. Kwa ligi, kufungwa dakika ya nne ya nyongeza na kufungwa kwenye matuta ni kitu kimoja, pointi moja. Kwa taifa, cha kwanza kinakuachia theluthi, cha pili kinakuachia nusu. Kwa ligi, kushinda kwa bao la nyongeza na kushinda kwa matuta ni kitu kimoja, pointi mbili. Kwa taifa, bao linalipa theluthi mbili, matuta nusu. Yaani kufika kwenye matuta kunamfaa anayekwenda kupoteza na kunampunja anayekwenda kushinda.

Mweke kocha kwenye benchi hapo, saa inasoma sekunde 40 za mwisho za nyongeza. Kama watatu wake wana kasi kuliko wale wa upande wa pili, avizie bao, maana akisubiri matuta anatupa sehemu ya sita ya ushindi wa kitaifa hata kama anajua kipa wake hafungiki. Kama amezidiwa, ashikilie kisahani, azungukezunguke nyuma, aibe muda. Ligi haitamwadhibu na taifa litamwandikia nusu yake. Watazamaji watazomea kwa sababu wanatazama jedwali moja. Yeye anatazama mawili.

Na nje ya ligi? Vyuo vinacheza mechi nyingi na timu za ligi nyingine, hasa mwanzoni mwa msimu. Huko hakuna msimamo wa kulisha, kwa hiyo matuta hayana kazi: dakika 5 zikiisha mnakwenda nyumbani na sare yenu. Mashindano ya katikati ya msimu kama Beanpot ni njia panda. Kombe haliwezi kukatwa vipande viwili, lazima apatikane wa kulibeba, basi wanapiga matuta kwa ajili ya kombe tu. Hata vyuo vitatu vya Beanpot vilivyo ndani ya Hockey East, Northeastern, Boston College na Boston University, vikikutana pale mechi yao haiingii kwenye msimamo wa ligi.

Ukifika mtoano wa Machi, matuta yanatoweka kabisa. Huko wanarudi watano kwa watano, vipindi vya nyongeza vya dakika 20 kimoja baada ya kingine, mpaka mtu afunge. Machi 2021 Minnesota Duluth na North Dakota walicheza vipindi vitano vya nyongeza katika mashindano ya taifa, dakika 142 na sekunde zake, mpaka Duluth wakapata bao la 3-2. Mechi ndefu kuliko zote za NCAA ilikuwa ya mwaka 2015 katika mtoano wa Hockey East, Massachusetts na Notre Dame, zaidi ya dakika 151, nayo ikaisha 4-3 kwa Massachusetts. Ushindi wa namna hiyo, hata ukija saa nane usiku, ni ushindi mzima katika vitabu vyote.

Kuna wanaoona huu ni unafiki: kama matuta ni mazuri kiasi cha kuamua nani aanzie nyumbani kwenye mtoano, kwa nini yasiamue mtoano wenyewe? Mimi sioni hivyo. Pointi moja kati ya tatu ni bei ya haki kwa ufundi wa mtu mmoja mbele ya kipa. Kandanda nayo imefika karibu na hapo: katika hesabu za viwango vya FIFA tangu 2018, mshindi wa matuta anapewa 0.75, si 1, na aliyepoteza anabaki na 0.5 kama aliyetoka sare. Hoki ya vyuo imekuwa bahili zaidi kitaifa na karimu zaidi kwenye ligi.

Wachezaji nao wanaonja ubahili huo. Mabao ya matuta hayaingii kwenye takwimu za mfungaji wala hayamchafui kipa. Hilo si la vyuoni tu. T.J. Oshie, aliyelelewa kihoki pale North Dakota, alipiga matuta sita kwenye Olimpiki ya Sochi, Februari 2014, dhidi ya wenyeji Urusi, akafunga manne, na usiku mmoja jina lake likajulikana na watu ambao hawajawahi kugusa barafu. Mechi ilikuwa 2-2, ikatangazwa 3-2. Katika msimamo wa kundi, Marekani waliandikiwa pointi mbili badala ya tatu, na Urusi waliofungwa wakaandikiwa moja.